Mnyoo umefutwa lakini kompyuta haijapona: nifomati?

SWALI

"Kaka, salamu. Nina saiba ndogo hapa Majengo, Mombasa: kompyuta nne za Windows 10, printa moja wanayoitumia wote, na rauta moja. Wakati wa msongamano wa ritani za kodi za KRA alikuja mteja na flashi, na tangu siku hiyo kila flashi inayochomekwa humu folda zake zinageuka shotikati (ikoni za njia ya mkato), faili zenyewe hazionekani. Fundi alikuja akaweka antivirasi, ikasema imekamata mnyoo na kuufuta. Lakini mpaka leo Task Manager haifunguki, inasema imezimwa na msimamizi, na msimamizi ni mimi! Windows haipokei masasisho. Kwenye mashine moja tovuti za antivirasi hazifunguki kabisa. Na kila asubuhi nikiwasha kinatokea kidirisha kinachosema hakioni faili fulani ya .vbs. Fundi sasa anataka tufomati zote nne, elfu mbili kila moja. Nifomati? Na faili za wateja zitarudi?"

JIBU

Dada yangu, usifomati bado. Na hizo faili za wateja, karibu kwa hakika hazijapotea. Ziko palepale ndani ya flashi, zimefichwa tu. Amri ya kuzirudisha nitakupa huko chini, ila usiikimbilie. Ukizifichua kwenye mashine ambayo bado ina mnyoo, yaani programu haribifu inayojisambaza yenyewe, zitafichwa tena kabla hujaichomoa flashi.

Fundi wako hakukudanganya. Antivirasi kazi yake ni kukamata na kufuta, ikakamata, ikafuta. Kutengeneza kilichoharibiwa ni kazi nyingine, na programu nyingi za antivirasi haziifanyi, au huifanya nusunusu. Ukimwagia mchwa dawa wakafa wote, boriti waliyoila haijijazi. Mnyoo ukiingia kwenye Windows hubadilisha mipangilio kwa sababu zake: huzima Task Manager ili mwenye mashine asione kinachoendelea, husimamisha masasisho ili tundu lisizibwe, hufunga tovuti za antivirasi ili dawa isipatikane. Na mipangilio hiyo yenyewe si virusi. Ni mipangilio halali kabisa ya Windows, ileile ambayo msimamizi wa kompyuta za benki au za shule huitumia kuwazuia watu wasichezee mashine. Antivirasi ikiikuta haina njia ya kujua kama umeiweka wewe au umeiweka mnyoo, basi huiacha. Ndiyo maana unaambiwa "imezimwa na msimamizi".

Hicho kidirisha cha asubuhi kinachokukera, mimi kimenifurahisha. Windows ina orodha ya vitu vya kuwasha kila unapoingia. Mnyoo ulijiandika kwenye orodha hiyo. Antivirasi imefuta faili ya mnyoo, lakini mstari ulioandikwa kwenye orodha umebaki, kwa hivyo kila asubuhi Windows Script Host, kiendeshaji cha hati za amri kama hizo za .vbs, inaitwa iendeshe faili ambayo haipo tena, nayo inalalamika. Maana yake kwenye mashine zinazotoa ujumbe huo, faili ile hasa imekwisha kuondoka. Mashine ninayoihofia ni ile moja ambayo tovuti za antivirasi hazifunguki. Hiyo tutaipa macho mengine.

Kwanza zitenganishe. Chomoa waya za mtandao zote nne, zima waifai kwenye kila mashine, na usichomeke flashi yoyote. Najua ni saiba na wateja wako mlangoni, lakini kusafisha mashine moja huku jirani yake bado inasambaza mnyoo ni kazi ya bure. Conficker, mnyoo uliozuka Novemba 2008, ulikuwa na njia tatu za kuingia: tundu ndani ya Windows, ambalo Microsoft walikuwa wameshalitolea kiraka tarehe 23 Oktoba mwaka huohuo, folda zinazoshirikiwa kwenye mtandao, ambazo nywila zake uliotea moja baada ya nyingine, na flashi. Ukiuziba mlango mmoja unapita mwingine. Wewe una printa moja inayotumiwa na mashine nne, na nikibahatisha tu, folda moja ya pamoja isiyo na nywila ambamo wote mnatupia kazi za kuchapisha. Hiyo folda izime mpaka tumalize.

Kisha nakili nje kazi zako: hati, picha, PDF. Hizo tu. Faili zinazoishia na .exe, .scr, .vbs, .js, .bat au .lnk ziache zikae. Kama diski ya nje unayo, vizuri. Ikishapokea nakala ichomoe, iweke kabatini.

Sasa tuhakikishe mnyoo umekufa kweli. Njia ninayoiamini zaidi kwa mtu asiye fundi ni ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika nje ya Windows. Fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Scan options, uchague Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kuwaka tena ndani ya mfumo mdogo ambamo mnyoo haupati nafasi ya kujificha, kwa sababu Windows yenyewe bado haijaamka. Huchukua kama dakika 15. Ikiwa antivirasi ya fundi imeizima Defender, ondoa antivirasi hiyo kwanza. Mbili kwenye mashine moja hugombana, na sioni kwa nini saiba ilipie kitu ambacho Windows inacho tayari.

Kwa ile mashine yenye shaka, ongeza Microsoft Safety Scanner. Ipakue kwenye kompyuta safi ya mtu mwingine, si kwako, uilete kwenye flashi mpya. Inakufa siku 10 baada ya kupakuliwa, kwa hivyo ile ambayo fundi anatembea nayo tangu mwaka jana haina faida. Ikimaliza huandika matokeo yake kwenye C:\Windows\debug\msert.log, nawe usome kwa macho yako badala ya kuridhika na rangi ya kijani.

Kitu kimoja ambacho mafundi wengi hawakiangalii: Defender ina orodha ya sehemu ambazo imeambiwa isizikague. Iko ndani ya Virus & threat protection settings, chini kabisa, inaitwa Exclusions. Minyoo na programu za wizi hupenda kujiandika hapo. Ukikuta C:\ nzima imeandikwa, au aina ya faili kama .vbs, basi ukaguzi wote uliofanya ulikuwa wa kupita mlangoni bila kuingia ndani. Futa, halafu kagua upya.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye kidirisha chako. Kuna programu ndogo ya bure ya Microsoft, katika mkusanyiko wao wa Sysinternals, iitwayo Autoruns. Huonyesha kila kitu kinachojiwasha, mahali pote ambapo Windows inaweza kuambiwa "washa hiki". Ifungue kwa haki za msimamizi, na kwenye kisanduku cha kutafutia andika jina la ile faili ya .vbs kama lilivyo kwenye kidirisha. Utauona mstari, mara nyingi wenye rangi ya njano, na njano hapo maana yake ni kwamba faili inayotajwa haipo. Ondoa tiki kwanza, washa mashine upya, uone kama kidirisha kimenyamaza. Kikinyamaza, rudi uufute mstari. Usifute kwanza ukafikiri baadaye. Mistari mingi ya humo ni ya printa, sauti na kadi ya mtandao, nawe hutaki kuitafuta sauti Jumamosi jioni.

Ukiwa hapohapo, pitia kichupo cha Scheduled Tasks. Minyoo ya aina hii hupenda kujipangia kazi ya kila baada ya dakika kadhaa inayoiita wscript.exe, ndiyo hiyo Windows Script Host. Mashine inayokaa safi kwa nusu saa halafu inarudia uharibifu, tisa kwa kumi ugonjwa uko hapo. Angalia pia kichupo cha Image Hijacks: ukikuta taskmgr.exe au jina la antivirasi limeelekezwa kwenye programu nyingine, ndicho kisa cha kitu kubofywa na kisifunguke.

Task Manager. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa puku (mausi), fungua PowerShell kwa haki za msimamizi, ukiwa ndani ya akaunti ileile yenye tatizo, kwa sababu zuio hili huandikwa kwa kila mtumiaji peke yake. Andika:

Remove-ItemProperty -Path "HKCU:\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System" -Name DisableTaskMgr

Halafu irudie amri hiyohiyo, mwisho wake uweke DisableRegistryTools badala ya DisableTaskMgr, ili ufungue na kihariri cha rejistri, ghala la mipangilio ya Windows, kama nacho kimefungwa. Maandishi mekundu yakitokea kwamba kitu hicho hakipo, usishtuke. Maana yake zuio hilo halikuwekwa mahali hapo. Jaribu tena ukibadilisha HKCU kuwa HKLM. Ninakupa PowerShell kwa makusudi, kwa sababu mnyoo ukishafunga rejistri, amri ya zamani ya reg nayo hukataa, lakini PowerShell hupita.

Kuna lingine la kundi hili. Ukienda kuwasha "onyesha faili zilizofichwa" kwenye folda, ukabofya OK, ukirudi unakuta limejizima? Mnyoo umegusa thamani iitwayo CheckedValue, iliyoko kwenye rejistri, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced\Folder\Hidden\SHOWALL. Inatakiwa iwe 1. Wengi hukuta 0, wakadhani mnyoo ungali hai.

Tovuti zilizofungwa zinahitaji utulivu kidogo, kwa sababu kuna sehemu nne za kutazama na watu hukimbilia moja tu. Anza na simu yako. Iunganishe kwenye waifai ya saiba, ufungue tovuti ileile. Ikikataa kwenye simu pia, shida iko kwenye rauta: mtu au kitu kimebadilisha humo anwani za DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake. Irudishe rauta ilivyotoka kiwandani na uweke nywila mpya ya kuiingilia, maana wengi wetu tumeiacha ileile iliyobandikwa chini yake. Simu ikifungua na kompyuta ikakataa, shida ni ya kompyuta.

Kwenye kompyuta, fungua Notepad kwa haki za msimamizi, halafu kupitia File na Open nenda C:\Windows\System32\drivers\etc, uchague kuona faili za aina zote, ufungue ile iitwayo hosts. Kwa kawaida kila mstari humo unaanza na alama ya #. Ukikuta mistari isiyo na # yenye 127.0.0.1 ikifuatwa na jina la kampuni ya antivirasi au la Microsoft, hiyo ndiyo kufuli: kompyuta inaambiwa tovuti hiyo iko ndani yake yenyewe, inajitafuta, haipati kitu. Futa mistari hiyo, hifadhi. Ikikataa kuhifadhi, faili imewekewa alama ya kusomwa tu. Iondoe kwenye Properties. Tena angalia Proxy, yaani mashine ya kati ya kupitishia mtandao, ndani ya mipangilio ya mtandao, izimwe kama hukuiwasha wewe, na hakikisha DNS ya kadi ya mtandao imewekwa ipatikane yenyewe. Maliza kwa amri mbili, kisha uwashe mashine upya:

ipconfig /flushdns
netsh winsock reset

Sasa sikiliza hapa. Ikiwa hosts ni safi, proxy imezimwa, DNS iko sawa, simu inafungua, lakini kompyuta hiyo bado inakataa tovuti za antivirasi peke yake huku nyingine zote zikifunguka, basi mnyoo haujafa. Conficker haukuandika chochote kwenye hosts. Uliingilia utafutaji wa majina ndani ya kumbukumbu ya mashine, ukawa unakataa jina lolote lenye maneno fulani. Dalili hiyo nikiiona siendelei kutengeneza. Mashine hiyo naifomati, na sioni huruma.

Masasisho: andika services.msc kwenye kisanduku cha Run. Tafuta Windows Update, Background Intelligent Transfer Service na Cryptographic Services. Yoyote iliyo Disabled ndiyo iliyozimwa. Mbili za kwanza ziweke Manual, ya tatu Automatic, uziwashe. Mashine ikisema huna ruhusa ilhali wewe ni msimamizi, ujue mnyoo umebadilisha hata ruhusa za huduma yenyewe, na hapo mkono wa mtu hauvuki kwa urahisi. Njia fupi ni kuiweka Windows upya juu ya ileile, kwa kuendesha setup.exe kutoka kwenye faili rasmi ya Microsoft na kuchagua kubakiza faili na programu. Hiyo hurudisha mfumo bila kugusa kazi zako. Lakini haifuti kila kitu alichoandikiwa mtumiaji, kwa hivyo usiruke hatua ya Autoruns ukidhani hii itaifidia.

Huduma zikishawaka, unganisha mtandao kwa mashine hiyo moja tu, uendeshe hizi kwa utaratibu huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

DISM hutengeneza ghala la faili za Windows kwa kuchukua nzima kutoka Microsoft. Sfc huchukua kutoka ghala hilo na kubadilisha zilizoharibika. Ukianza na sfc ilhali ghala ni bovu, utapata jibu kwamba imeona uharibifu na imeshindwa kuutengeneza. DISM inaweza kusimama kwenye asilimia ileile mpaka ukadhani imekwama. Iache. Na usiianze bila UPS yenye chaji, au kwenye laptopu yenye betri nzuri, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kazi hii unaweza kujikuta na ugonjwa mpya ambao mnyoo haukuuleta.

Nikiwa hapo, neno kuhusu wepesi wa mashine. Baada ya mnyoo kila kitu husingiziwa mnyoo. Kompyuta zinazokaa Mombasa milango wazi hula vumbi, joto na hewa ya chumvi. Feni huziba, mashine hupata moto, hujipunguzia kasi yenyewe. Ikiwa zimekuwa nzito tangu kaskazi na si tangu ile flashi, zifungue, zipulize, badilisha na gundi ya joto kwenye prosesa. Hakuna amri ya PowerShell itakayokufanyia hilo.

Sasa flashi za wateja. Chomeka moja kwenye mashine ambayo umeshaimaliza. Usibofye shotikati yoyote. Fungua dirisha la amri, na kama flashi imesoma kama E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Angalia sana herufi hiyo. Usije ukaandika C. Utaondoa alama kwenye faili za Windows ambazo zimefichwa kwa sababu ya maana. Ikimaliza, folda halisi zitatokea kando ya shotikati. Futa shotikati na faili yoyote ya .vbs au .js usiyoijua. Wakati mwingine utakuta folda haina jina kabisa, ni kama ikoni inayoelea: ile familia ya minyoo ya Gamarue ilikuwa ikihamishia kila kitu ndani ya folda iliyopewa jina la nafasi tupu isiyoonekana. Ifungue, faili za mteja zimo zote. Zihamishe, uifute.

Ukitaka kuona ujanja wenyewe, bofya shotikati moja kwa upande wa kulia, fungua Properties, usome sehemu ya Target. Badala ya njia ya folda utakuta cmd.exe, halafu agizo la kuwasha ile .vbs, halafu agizo la kufungua folda halisi. Mteja anabofya, folda inafunguka kama kawaida, anaona kazi yake, anaendelea. Hajui kwamba kabla ya folda kufunguka mnyoo umeshawashwa. Ujanja huu ulishamiri kwa sababu Windows tangu toleo la 7 haiendeshi tena kitu chenyewe kutoka kwenye flashi, na Februari 2011 Microsoft waliwapelekea hata wenye XP na Vista sasisho la kuzima tabia hiyo. Mnyoo uliponyimwa kujiendesha, ukatafuta kidole cha mtu.

Kwa hivyo nifomati au nisifomati? Mashine tatu zinazotoa kidirisha tu, zitengeneze kama nilivyoeleza. Ya nne, ukaguzi wa nje ya Windows ukikuta kitu kinachomruhusu mtu wa mbali kuitawala, au tovuti zikiendelea kukataa, au mstari ulioufuta ukirudi tena kwenye Autoruns, ifomati. Pale ambapo sikubaliani na fundi si kufomati kwenyewe, ni kufomati zote kwa pamoja bila kujua chanzo. Akiweka Windows kwa flashi yake inayozunguka mji mzima, akamalizia na ile programu ya kuamsha Windows bila kulipia, ambayo sharti lake la kwanza ni uzime Defender, utakuwa umelipa elfu nane kurudi ulipo. Mwambie apakue Windows kutoka Microsoft, mbele yako. Na kwa kuwa Windows 10 iliondolewa kwenye matunzo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mashine utakayoifomati iwekewe Windows 11 kama inaikubali. Kama ni kuukuu haikubali, iwekee Linux, mfumo wa bure usio Windows, kama Ubuntu, uifanye ndiyo pekee ya kupokea flashi za wateja: shotikati na .vbs za minyoo hii hazina pa kushika humo. Kazi inapokelewa pale, inafunguliwa, inachapishwa. Mashine tatu zilizobaki hazichomekwi flashi ya mtu.

Kwenye hizo tatu, ikiwa hakuna programu yako inayohitaji hati za .vbs, na saiba nyingi hazina, zima kabisa uwezo wa Windows kuziendesha:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Siku ukiihitaji, badilisha 0 iwe 1. Zima pia SMB 1.0, njia ya zamani ya kushirikiana faili kwenye mtandao, ndani ya Windows Features, maana ndiyo iliyopitiwa na mnyoo wa WannaCry tarehe 12 Mei 2017, na kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu 14 Machi. Waliolala na masasisho yao yamezimwa ndio walioamka na faili zimefungwa.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Minyoo mingi ya .vbs haikai kuficha folda tu. Jenxcus, kwa mfano, ambao Microsoft walikwenda mahakamani kuukabili mwaka 2014, ulimfungulia mtu wa mbali mlango wa kuingia kwenye mashine. Kwako watu wameingia iTax ya kodi, eCitizen ya huduma za serikali, barua pepe, benki. Badilisha nywila zako zote, kwa simu, si kwa kompyuta hizo, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kila unapopatikana. Wateja walioingia kwenye akaunti zao tangu ile flashi ije, waambie nao wabadilishe. Zile nakala za vitambulisho na vyeti zilizorundikana kwenye Desktop na Downloads, zifute. Hazikuwa na sababu ya kukaa. Ukigundua kwamba mtu amezichukua kweli na wenyewe wanaweza kudhurika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Na kituo cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, hupokea ripoti za matukio kama haya.

Yule mteja mwenye flashi ya kwanza mtafute ukiweza. Mrudishie faili zake zikiwa zimefichuliwa, na umwambie kompyuta yake ya nyumbani nayo huenda inao, maana asiposafisha huko, flashi hiyohiyo itarudi mlangoni kwako ritani ijayo.